Safu ya Nyenginezo

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Machi, saa nne kasorobo asubuhi. Umeme ulikuwa umerudi punde na feni ndiyo kwanza inaanza kuzunguka. Maalim aliingia maktaba, akavua viatu mlangoni kama anavyofanya siku zote ingawa hakuna anayemtaka afanye hivyo, akaja mpaka mezani kwangu na kuweka mkoba wa ukili.

Akaufungua. Ndani mlikuwa na kaseti. Nilizihesabu baadaye, zilikuwa 23, kila moja imezungushiwa karatasi ya daftari la skuli na kufungwa kwa uzi mweusi.

"Mwanangu, nimesikia unaandika kazi zote za chuo mwaka huu. Hizi nazo utaziandika wapi?"

Fomu ilikuwa mbele yangu. Safu ya kwanza makala za majarida, ya pili vitabu na sura za vitabu, ya tatu tasnifu, ya nne ripoti. Ya mwisho, nyembamba kuliko zote, imeandikwa Nyenginezo.

Nilimjibu kwa adabu, na ndiyo sababu jibu lenyewe linaniuma zaidi. "Maalim, ungeziandikia japo makala moja, ingekuwa rahisi. Tungepata pa kuziweka."

Alinitazama kidogo. Hakukasirika. Akasema, "Inshaallah," akaufunga mkoba wake kwa fundo lile lile, akavaa viatu, akatoka.

Nilikaa na ile "Inshaallah" wiki saba.

Vipande vya chokaa

Aliyefanya kazi chuoni anaijua orodha ninayoisema. Kila mwaka idara zinataja zilichozalisha, orodha inapanda juu, na huko juu inageuka kuwa namba. Mwaka huu kazi ya kukusanya iliniangukia mimi. Nilijipa wiki mbili.

Sikujua chuo chetu kina mambo mengi kiasi hiki. Nimo maktaba mwaka wa tisa sasa, napokea tasnifu, nazipiga muhuri, nazipanga rafuni, na bado sikujua. Siku moja peke yake ilipita mikononi mwangu tasnifu ya konokono wa kichocho Pemba, na mwisho wake ramani zilizochorwa kwa kalamu ya risasi, kila bwawa na kinjia chake wanachopita watoto wakienda kuoga. Ikafuata programu ya simu ya kutambua maradhi kwenye jani la muhogo. Likafuata shairi la kumuaga mwalimu aliyestaafu, beti arubaini, mizani kumi na sita kila mshororo, na hakuna mshororo hata mmoja uliopwaya. Ikafuata ripoti ya popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye dunia nzima hapatikani ila kisiwani mwake. Halafu akaja kijana wa ujenzi na sanduku la kadibodi.

Kijana huyo nitamweleza kwa urefu kidogo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vipande vya chokaa, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Alikuwa amechanganya chokaa na mchanga kwa vipimo mbalimbali, akavianika dirishani miezi mitatu, vingine akavinyunyizia maji ya bahari kila siku. Anatafuta mchanganyiko wa kukandikia kuta za Mji Mkongwe. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua; ukizipaka saruji unyevu unafungiwa ndani, chumvi inafanya kazi yake, na jiwe linaanza kumeguka kutoka ndani huku nje panang'aa. Tangu tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili, mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo ni zito.

Tasnifu yake bado hajaimaliza. Lakini kazi ipo, imo sandukuni. Alinipa kipande kimoja nikigonge kwa kucha, kikalia kama kigae. Akanipa cha pili, kikaniachia unga kidoleni. Akawa ananitazama usoni, anasubiri aone kama nimeisikia tofauti.

Nikaandika: Nyenginezo.

Mwisho wa wiki ya tatu ile safu nyembamba ilikuwa imejaa. Nikaanza kuandika pembezoni mwa karatasi.

Haki ya makala

Makala za majarida mimi siwezi kuzidharau, na sitaki mtu anielewe hivyo. Kule Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Watu wamekaa pale miaka wakipima mikojo ya watoto wa skuli, wakihesabu mayai ya minyoo ya kichocho kwa darubini, wakiandika, wakichapisha. Kurasa hizo kavu zimo katika zilizoonesha kwamba dawa peke yake haitoshi. Mtoto anameza prazikwanteli, anapona, anarudi bwawani, anaambukizwa tena. Inabidi umshughulikie na konokono anayeibeba minyoo hiyo, na uzungumze na wazazi, na utafute pengine pa mtoto kuogea. Asingeyaandika mtu hayo kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa na mwengine, tungekuwa mpaka leo tunagawa vidonge na kushangaa.

Na jarida lina mlango. Kuna mtu hukujui humjui, anaisoma kazi yako, anakwambia hapa hujathibitisha, rudi. Safu ya Nyenginezo haina mlango. Niliyaona niliyoyaona. Kuna aliyeleta cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili. Kuna aliyeleta picha akikata utepe. Kuna aliyeleta mashairi yake, nikayasoma yote kwa hamu maana mimi mpenzi wa mashairi, na yalikuwa mabaya. Nikajiuliza, kama kila anachokileta mtu kinaingia, hiki chuo au kapu la marikiti?

Wiki mbili nzima hoja hiyo ilinitosha. Nilikuwa nikimkumbuka Maalim, najiambia: nilimtaka aandike makala, nilimtakia kheri.

Aliyeanza kunitikisa ni yule mwenye beti arubaini. Nililisoma tena lile shairi usiku nyumbani, na nikaona kwamba limepita mlango mkali kuliko wa jarida lolote. Malenga akikosea mizani hafiki ubeti wa tatu, watu wameshaguna. Vina vikigongana vibaya mtoto wa chuoni anakurekebisha. Mlango upo, ila haupo kwenye fomu.

Halafu nikamkumbuka Abdulrazak Gurnah. Kazaliwa hapa mwaka 1948, kafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent mpaka kustaafu, na mwaka 2021 akapewa Nobeli ya fasihi. Profesa yule aliandika na uhakiki wa kitaaluma, lakini kilichompa Nobeli ni riwaya. Nilijaribu kumfikiria kaja mezani kwangu na riwaya yake ya kwanza mkononi, hajulikani na mtu, anauliza iandikwe wapi.

Nzi waliodondoshwa na ndege

Kuna hadithi nyengine iliyokuwa ikinizunguka kichwani siku hizo, nayo si ya chuo chetu wala ya chuo chochote.

Waliokuwa wakifuga miaka ya tisini wanaikumbuka. Ng'ombe wa Unguja walikuwa wakifa kwa nagana, na nagana inaletwa na mbung'o. Kati ya 1994 na 1997, serikali pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wakafanya jambo ambalo lingesimuliwa barazani bila ya ushahidi watu wangecheka. Kule Tanga wakazalisha mbung'o kwa mamilioni. Madume wakapigwa mionzi mpaka wakawa hawazai. Wakabebwa kwa ndege na kumwagwa juu ya Unguja, wiki baada ya wiki. Jike la mbung'o kwa kawaida linapandwa mara moja tu maishani. Likipandwa na dume tasa, basi, kizazi kimekatika. Mbung'o wa mwisho walinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa hakina tena mbung'o.

Makala ziliandikwa, na nimezisoma baadhi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa wale madume, zaidi ya milioni nane, na ng'ombe wa jirani yetu anayekamuliwa mpaka leo. Makala ni risiti ya kazi ile. Mimi nilikuwa nimekaa mezani napokea risiti, na anayekuja na bidhaa yenyewe namwambia arudi akatafute risiti.

Nilipofika hapo katika kufikiri niliacha kula. Mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Binti wa mwani

Wiki ya sita alikuja binti anayesoma mambo ya bahari. Kwao Jambiani, mama yake na bibi yake wote wamelima mwani. Utafiti wake unahusu maji ya pwani, lini yanakuwa ya moto kupita kiasi na wapi. Ameweka vipima joto sita kwenye vigingi, vimefungwa kwa taitai hizo hizo wanazofungia mwani kina mama.

Historia yenyewe wengi wetu tunaijua kwa kuishi nayo. Profesa Keto Mshigeni wa Dar es Salaam alianza kuhangaika na mwani watu wakimshangaa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikaja ikawa haivumilii joto, inapata ugonjwa ule wa kuwa nyeupe na kukatika, kina mama wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Dokta Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ambayo ipo hapa Unguja tangu 1978, akatengeneza pamoja na wakulima neti za mfano wa bomba, kotonii ipate kukaa kwenye kina ambako maji ni baridi zaidi. Kuna makala zinazoeleza neti hizo. Kuna na neti zenyewe, na ukienda kuzitazama utaona mafundo yake yamefungwa na mikono ya wanawake wa pwani.

Binti alitaka kitu kimoja. "Dada, nataka vipimo vya joto la maji mafupi, kabla ya mwaka 2000. Vya Paje au Jambiani, chochote."

Tulitafuta asubuhi nzima. Katika tulivyonavyo sisi, hakuna.

Alikuwa ameshafunga kompyuta yake nilipokumbuka. Ile Jumanne, katika dakika chache mkoba wa Maalim ulipokuwa wazi mezani, nilisoma karatasi moja ya juu. Mwandiko wake mzuri: Paje, Februari 1991, kina mama, mwani.

Februari. Kaskazi. Mwani una miaka miwili tu tangu uanze.

Ukuta uliovuja

Tulikwenda Jumamosi, mimi na binti, na daladala mpaka Fuoni na kipande cha kwenda kwa miguu kwenye tope la masika. Maalim alitupokea kibarazani. "Karibuni wanangu." Tukaletewa chai na mkate wa kumimina. Hakunikumbusha neno hata moja, na mimi nilishindwa kumeza mpaka nilipomwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, fomu ni fomu."

Mkoba ulikuwa umetundikwa msumarini, upande wa dirisha. Ukuta ule ulikuwa umevuja.

Kaseti tatu za chini zilikuwa zimeingia maji. Ukiinua moja kwenye mwangaza unaona kwenye ukingo wa utepe unga mweupe, mwembamba kama vumbi la muhogo. Kuvu. Wiki saba zilizopita mkoba huo ulikuwa mezani kwangu, mahali pakavu, chini ya feni.

Sina la kuongeza juu ya hilo.

Fundi mmoja wa redio Darajani alitufufulia deki ya zamani. Akatufundisha kubadilisha kile kisponji kidogo kinachobana utepe, maana kinabanduka kwa uzee na sauti inakuwa kama mtu anazungumza chini ya maji. Kaseti 19 zilikuwa za dakika 60, nne za dakika 90. Jumla saa 25. Kuzihamisha kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato, dakika moja ya kaseti ni dakika moja ya maisha yako, unakaa nayo unasikiliza. Katika zile tatu tuliokoa moja. Mbili utepe uligandana, tukiuvuta unaacha rangi yake. Zote mbili zilikuwa za saa moja moja.

Saa 25 zikabaki 23.

Kilichomo

Kaseti ya kwanza inaanza kwa mdundo. Nilidhani ni hitilafu ya mashine. Ni makumbi ya nazi yanapigwa: wanawake wamekaa pwani, wamefukua makumbi yaliyozikwa kwenye mchanga miezi kadhaa, wanayatwanga kupata usumba, nyuzi za kusukia kamba, na wimbo unafuata mdundo wa magongo. Au mdundo unafuata wimbo. Maalim, sauti yake ya ujana, nyembamba, anauliza. Anajibiwa kwa Kikae kitupu, lahaja ya Makunduchi, haraka, na mara mbili tatu anasema, "Rudia, bibi."

Kaseti ya sita ni mzee mvuvi wa Makunduchi anahesabu miongo. Anaanza siku ya Nairuzi, siku wanayokoga mwaka, anakwenda kumi kumi: mwongo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mwongo anasema upepo unafanyaje, samaki gani wanakaribia, nini kipandwe. Miongo 36, na siku tano za mwisho zenye hukumu zake. Anahesabu bila ya kusita, nusu saa, unasikia anakunja vidole. Ni elimu ya nyota, na ya hali ya hewa, na ya kilimo, na namna anavyoisema ina vina na ina mizani kwa sababu imetungwa ishikwe kichwani. Nilijaribu kuichagulia safu. Nikatoa mikono kwenye kibodi.

Kisha tukaweka ile ya Paje.

Mazungumzo ya kina mama wanne watano, upepo mwingi. Wanalalamika bei, wanalalamika migongo. Halafu mmoja anaeleza kwamba huku karibu maji yanachoma kipindi hiki, kwa hiyo wamehamishia kamba mahali fulani, anapataja kwa jina, kule maji hayachomi na mwani haujafa hata kamba moja.

Binti alishika mkono wangu. "Rudisha, dada."

Nikarudisha.

"Hapo ndipo kilipo kipima joto changu namba nne," akasema. "Siku hizi kuanzia Disemba mpaka Machi pale hapaoti kitu. Hata spinosamu."

Tulikaa kimya, na kaseti inaendelea kuzunguka.

Msimamizi wake, alipoelezwa, alisema hiyo si takwimu. Na ana haki. Mama mmoja, Februari moja, hakuna kipimo. Imeingia kama tanbihi katika sura ya pili. Lakini binti amebadilisha maswali yake. Zamani alikuwa akiwauliza wakulima maji ni ya moto kiasi gani. Sasa anakwenda kwa wale wazee walioacha kazi, anawauliza kila kaskazi walihamia wapi, mwaka huu wapi, mwaka ule wapi, anachora ramani ya kukimbia. Bibi yake mwenyewe alimtajia mahali patatu ambapo alikuwa hajawahi kupasikia, na yeye kakulia hapo hapo.

Mwandishi

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Yalizidi kuwa magumu.

Nilikaa kujaza kaseti kwenye mfumo. Kisanduku cha kwanza: Mwandishi. Mfumo haukubali kiachwe wazi. Nikaandika jina la Maalim, nikampigia simu kumwambia.

"Mimi nilishika mashine tu, mwanangu."

Kwenye kila karatasi ya daftari, upande wa ndani, ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya waliozungumza na walioimba. Wote. Kaseti moja ina majina 11. Hakuruka hata aliyekohoa. Wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Basi nikamwambia nitawaandika wao, na nitaziweka mtandaoni, watoto wao wazisikie popote walipo, Muscat, London, popote. Nilikuwa na furaha. Nilidhani hapo ndipo nilipokuwa nikielekea siku zote.

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Walinipa mimi nikae nazo," akasema. "Hawakuniambia ziende dunia nzima."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Wiki zote nilikuwa nalia na safu, kwamba chuo hakina nafasi ya kazi kama hii, kwamba ipanuliwe, iheshimiwe. Sikujiuliza kama kila kazi inataka kuwekwa wazi. Tasnifu inaandikwa isomwe na asiyekujua. Wimbo wa kupiga makumbi uliimbwa kwa waliokuwepo, na kijana mmoja mwenye mashine ambaye walimwamini. Nikiupandisha juu kwa jina la kuuokoa, nimewatendea nini? Na nikiufungia kabatini kwa jina la kuuheshimu, nao ukaota kuvu kama zile mbili, hapo je?

Nimezungumza na watu watatu ninaowaamini, nimepata majibu matatu.

Kwa sasa tumefanya hivi. Nakala moja ipo maktaba, inasikilizwa kwa vifaa vya masikioni, haitoki. Nakala nyengine anayo Maalim, kwenye flashi aliyoifunga uzi mweusi. Binti anatafuta familia, jina baada ya jina, na ameshawapata wanawake wawili walio hai, mmoja wa Paje na mmoja wa Makunduchi. Yule wa Paje alipowekewa sauti yake ya mwaka 1991 aliicheka, kisha akaomba tena, kisha akataka sauti ya dada yake. Dada yake alikuwa kwenye moja ya zile kaseti mbili.

Orodha nimeipeleka. Safu ya Nyenginezo ina karatasi nne zilizobandikwa nyuma, nimeeleza kila kitu kwa urefu wake, pamoja na vipande vya chokaa, pamoja na beti arubaini. Vyeti vya semina nimeviondoa. Sijajibiwa.

Kaseti ya 14, upande wa pili

Hii nimeisikiliza mara nyingi kuliko zote.

Ni jioni, nadhani, maana kuna jogoo aliyekosea saa na mbali kuna adhana. Wanawake wameshamaliza kazi, wanapumzika, wanaimba nyimbo za mzaha. Maalim anauliza juu ya wimbo fulani, kama wanaujua. Kicheko. Mmoja anauanzia, maneno mawili matatu, wenzake wanamzomea. Kisha sauti ya mtu mzima, tulivu, karibu kabisa na mashine, inasema: "Haya, zima hiyo sasa, mwanangu. Huu wa kina mama."

Unasikia kitufe kinabonyezwa.

Panapoendelea ni siku nyengine, mahali pengine, mtu anazungumzia bei ya kamba.

Nilimuuliza Maalim alifanya nini pale. Angeweza kuiacha mashine inakwenda, wasingejua.

"Nilizima," akasema. "Nikatoka nikakaa chini ya mnazi. Walipomaliza waliniita, nikala nao muhogo."

Kwenye karatasi ya kaseti, chini ya mwandiko wake, nimeongeza wangu: upande wa pili, dakika ya 22, pamezimwa.